Unga na chenga za madini ya chuma: maswali yenye tunaulizwa kila wiki

Yadi yetu iko upande wa barabara ya Kibos hapa Kisumu, na haipiti wiki kabla mtu hajatokea na kigunia begani akisema "fundi, hebu angalia hii, si ni chuma?" Mara nyingi ni chuma kweli, sumaku inashika, lakini kutoka kushikwa na sumaku mpaka kuingia tanuruni kuna safari. Tumekusanya hapa yale maswali yanajirudia, ya mgeni kabisa yako mwanzo na yale ya kuumiza kichwa yako mwisho. Ukiona jibu linakutuma kwa swali lingine, jua tumechoka kuandika kitu kimoja mara tatu.

## Mwanzo kabisa

1. Kwani unga una shida gani, si chuma ni chuma?

Chuma iko, shida ni hewa. Lile tanuru refu la kuyeyushia madini linapulizwa hewa moto kutoka chini, gesi inapanda ikipenya katikati ya mawe ya madini na koki (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa), na ikipita inayanyang'anya madini oksijeni yake. Sasa ukimwaga unga hapo ndani umeziba njia zote, na ule haujaziba unapeperushwa juu unatoka na moshi. Tanuru la namna hiyo linataka vipande vya kama milimita 10 hadi 30, vigumu, visivyovunjika vikibebeshwa mzigo.

Mtu yeyote amewahi kuwasha jiko anaelewa hii bila kwenda shule. Jaza jiko vumbi la makaa tupu uone kama litawaka. Lakini vumbi hilo hilo akina mama wa Obunga na Manyatta wakilifinyanga madonge na kuyaanika, linawaka polepole mpaka maharagwe yanaiva. Mambo yote ya ukurasa huu ni hayo tu, ni vile badala ya makaa ni chuma na badala ya sufuria ni tanuru.

2. Huo unga unatoka wapi hasa?

Sehemu kubwa duniani inatoka machimboni. Jiwe likipondwa lazima litoe chenga, hakuna kuponda bila chenga, na jiwe lenye chuma kidogo inabidi lisagwe laini kama unga wa sima ndio chuma itengane na mawe. Kwa hivyo kadiri mawe mazuri yanavyoisha ndivyo unga unaongezeka.

Hapa kwetu mwingi unatoka viwandani na jua kali: skeli, yaani yale magamba meusi yanayobanduka kwa chuma moto ikipita kwenye rola, vumbi la kichujio cha moshi wa tanuru, tope la maji ya kupoozea, na unga wa grainda. Skeli ndio tamu kuliko zote juu ni kama asilimia 70 chuma, inashinda mawe mengi ya mgodini.

3. Njia za kuugeuza ziko ngapi?

Kubwa ni tatu na watu huzichanganya sana.

Sinta ni ya chenga, zile za chini ya milimita 10 hivi lakini si unga kabisa. Unachanganya na vumbi la koki na chokaa mawe, unatandaza kwa wavu wa chuma unaotembea, unawasha juu na chini kuna feni inavuta hewa. Moto unashuka ndani ya tandiko polepole, pale unapopita joto linafika kama digrii 1,300, kingo za chenga zinayeyuka kidogo zinashikana, na mwisho unapata kitu kama keki iliyoungua yenye matundu, inavunjwa vipande. Sinta haipendi safari, ikisafirishwa mbali inarudi kuwa chenga, kwa hivyo hutengenezwa pale pale karibu na tanuru.

Pelleti ni ya unga laini kabisa, mwingi uwe chini ya mikroni 45. Unalowesha mpaka maji yafike kama asilimia 8 hadi 10, unazungusha kwenye sahani kubwa iliyoinama ama pipa refu, vijidonge vinajiviringa vyenyewe mpaka saizi ya njugu, milimita 8 hadi 16. Ushaona mvua ya kwanza ikidondoka kwa barabara ya vumbi, kila tone linajikunjia vumbi linakuwa kadonge? Hiyo ndio pelleti mbichi. Halafu inakaushwa na kuchomwa karibu digrii 1,250 hadi 1,350 na hapo inakuwa ngumu kama jiwe, moja iliyochomwa vizuri inabeba uzito wa zaidi ya kilo 200 kabla ipasuke. Pelleti inasafiri meli nzima bila shida.

Briketi ni kukandamiza na mashini. Hii ndio mtu wa kawaida anaweza, juu haihitaji usage laini na haihitaji lazima uchome, unaweka gundi unapiga presha unaanika. Karibu kila kitu tunachosema kuanzia hapa ni briketi.

4. Hii ni teknolojia mpya?

Hapana. Msweden mmoja, A. G. Andersson, alipata hataza ya kuviringa pelleti mwaka 1912, na Mjerumani Brackelsberg akafuata 1913. Ilikaa kwenye makaratasi miaka mingi mpaka Wamarekani wa Minnesota walipoona mawe yao mazuri yanakaribia kuisha, wamebaki na takonaiti, jiwe gumu lenye chuma kidogo ambalo lazima lisagwe unga. Profesa E. W. Davis wa chuo kikuu cha huko alihangaika nalo miongo, na katikati ya miaka ya 1950 viwanda vikubwa vya pelleti vikaanza.

Na kwa upande wetu, Wasamia wa Busia walikuwa wanayeyusha chuma ya vilima vyao kwa makaa na mvukuto zamani kabla ya reli kufika Kisumu, majembe yao yalizunguka ziwa. Wale walichagua mawe kwa mkono, hawakuwa na haja ya chenga.

## Gundi

5. Fundi, gundi gani ndio bora?

Hili swali ndilo linaulizwa kushinda yote na ndilo linaulizwa vibaya. Jibu letu huwa ni swali: unauzia tanuru gani? Juu gundi yoyote unayoweka inaingia tanuruni pamoja na chuma yako, na mwenye tanuru ndiye anaamua kama anaitaka. Mtu akikuuzia gundi kabla hajakuuliza tanuru, huyo anakuuzia gundi tu.

Kwa pelleti, wenye viwanda vikubwa wanatumia bentonaiti, aina ya udongo unaofura ukinywa maji, na wanaweka kidogo sana, kati ya nusu kilo na kilo moja hivi kwa kila kilo 100. Kwa briketi baridi kuna simiti, kuna molasi na chokaa, kuna silikati ya sodiamu. Kila moja ina deni lake: simiti inaongeza slagi (uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma), molasi inaogopa maji, silikati inaleta sodiamu ambayo tanuru refu linaichukia.

6. Si Kisumu tumezungukwa na molasi, kwa nini tusitumie hiyo tu?

Tumia, sisi wenyewe ndio tunatumia. Muhoroni, Chemelil, ukanda wote ule wa miwa, molasi haikosi, na chokaa iko Koru hapo tu, yaani kama kuna mahali Mungu aliweka gundi ya briketi ni bonde la Nyando.

Lakini sikia yaliyotupata. Mara ya kwanza tulichanganya skeli na molasi peke yake, bila chokaa, tukapiga briketi kama mia nne hivi, nyeusi zinang'aa, tukazipanga nje kwa mabati zikauke. Siku mbili nyuki wamejaa yadi nzima, jirani wa welding alikuwa anafanya kazi na koti shingoni juani. Siku ya tatu mvua ya saa kumi ikanyesha, ile ya hapa Kisumu haibishi hodi, na asubuhi tukakuta uji mweusi umetiririka mpaka mtaroni. Tulichota na beleshi.

Kilichokosekana ni chokaa, na tunasema ile iliyozimwa, ya unga, si mawe. Sukari ya molasi inashikana na chokaa inatengeneza kitu kigumu ambacho hakirudi kuwa sharubati kirahisi, na kinaendelea kukomaa kikipata hewa. Siku hizi tunaanzia molasi kilo 5 na chokaa kilo 2 na nusu kwa kila kilo 100 za skeli kavu, halafu tunarekebisha kulingana na ulaini. Changanya chokaa na skeli kwanza zikiwa kavu, molasi iingie mwisho, ukianza na molasi chokaa inafanya mabonge. Na hata hivyo tunaanika chini ya paa, wiki moja, siku kumi kama ni msimu wa mvua ndefu. Inavumilia manyunyu, haivumilii kulala nje.

7. Udongo wa mfinyanzi je? Ni wa bure.

Ni wa bure mpaka uingie tanuruni. Udongo umejaa silika, na silika haiyeyuki na kuondoka hivi hivi, lazima uongeze chokaa uifanye slagi na slagi inakula moto. Ni kama makaa ya vumbi yaliyozidishwa udongo, jiko linajaa jivu na chai haijachemka.

8. Simiti?

Inashika vizuri, inavumilia mvua, haiiti nyuki. Ila ni ghali, inataka kumwagiliwa na kungojwa kama ukuta, na ikifika joto kubwa inaachia, briketi inaweza kuporomoka ndani ya tanuru kabla haijayeyuka. Kwa kyupola fupi, lile tanuru la koki la kuyeyushia kasti, inaenda. Kuhusu slagi soma namba 7.

9. Nitajuaje briketi yangu ni nzuri bila maabara?

Idondoshe. Pelleti mbichi viwandani hupimwa kwa kuiangusha kutoka sentimita 45 mara kadhaa, ikihimili mara nne au zaidi inaendelea na safari. Kwa briketi iliyokauka sisi tunapanda ngazi mpaka urefu wa mtu na mkono, tunaachia kwa kipande cha pleti ya chuma, mara nne. Halafu tunachekecha na kupima kilichobaki kizima. Tukipoteza zaidi ya kilo moja kwa kumi hatupakii, juu ukitoka hapa mpaka Nakuru kwa lori barabara itakumalizia iliyobaki na mnunuzi atapokea unga ule ule ulioanza nao, amelipa na transport juu.

Ingine ni ya maji: tia moja kwa ndoo usiku, asubuhi ishike. Ikikaa nzima lakini imelegea, ngoja siku zaidi. Ikiwa ndoo ina uji, rudi namba 6.

## Tanuru lenyewe

10. Naweza kuweka briketi za skeli kwa tanuru la umeme la induksheni?

Unaweza, lakini usitegemee muujiza. Viwanda vyetu vingi vinayeyusha skrepu, na induksheni ni sufuria ya kuyeyusha, si tanuru la kuondoa oksijeni. Skeli si chuma tupu, ni chuma iliyoshikana na oksijeni. Ukiitupa humo bila kaboni, sehemu kubwa inageuka slagi nyembamba ya majimaji na hiyo slagi inakula kuta za silika za tanuru, ndio unakuta mwenye kiwanda amekufukuza na hakuelezi kwa nini.

Zikiwa zimechanganywa na vumbi la makaa ama koki ndani yake, kaboni inanyang'anya oksijeni pale pale na unapata chuma, lakini gesi inatoka ikichemsha slagi kama maziwa yanayofurika, kwa hivyo wanaziweka kidogo kidogo, sehemu ndogo ya mzigo mzima. Na ziwe KAVU. Hii tunaandika kwa herufi kubwa juu maji yakizama chini ya chuma iliyoyeyuka yanageuka mvuke kwa mara moja na kinachofuata ni mlipuko, na hakuna fundi anashindana na chuma moto ikiruka.

11. Ni kaboni ngapi naweka ndani ya briketi?

Hesabu ya karatasi: kama oksaidi yako (chuma iliyoshikana na oksijeni) ni ile ya FeO, chuma moja kwa oksijeni moja, tani moja inataka kama kilo 167 za kaboni. Kama ni hematiti, ile nyekundu, inataka kama kilo 225. Skeli ni mchanganyiko, iko katikati. Lakini makaa si kaboni tupu, ina unyevu na jivu na vitu vinavyoruka na moshi, kwa hivyo gunia la vumbi la makaa utaongeza juu ya hesabu. Ukizidisha sana briketi inakuwa laini, makaa hayashiki vizuri na molasi kama skeli inavyoshika.

12. Na kyupola ya kuyeyusha kasti?

Hapa ndipo tunapata wateja wengi. Kyupola ina koki na upepo, inavumilia slagi, na briketi zenye kaboni zinaingia pamoja na skrepu ya kasti bila vita. Saizi ya ngumi. Ndogo kuliko hapo zinaanza kuziba, tumeeleza namba 1.

13. Kwa hivyo lazima niuzie tanuru?

La. Viwanda vya simiti vinatafuta chuma ya kurekebisha mchanganyiko wao na skeli wanaichukua vile ilivyo, bila gundi, bila presha, bila nyuki. Kama uko na skeli na lori na huna mashini, piga hesabu ya huko kwanza. Tunajua tunajinyima biashara tukisema hivi.

## Vitu vinakuja na unga

14. Skeli yangu ina mafuta, ni shida?

Ni shida mbili. Mafuta yanazuia gundi kushika, na yakichomwa yanatoa moshi mzito unaochafua vichujio. Skeli kubwa kubwa huwa na mafuta kidogo, ni ile laini ya tope la chini ya tanki ndio imelowa. Chekecha utenganishe, usioshe na sabuni umwage mtaroni, mtaro wa Kisumu unaishia ziwani.

15. Kuna vumbi la kijivu laini linatoka kwa kichujio cha tanuru la skrepu, wananipa bure. Nichukue?

Uliza kwa nini ni la bure. Skrepu ina mabati, mabati yana zinki, na zinki inachemka kwa digrii 907, chuma ikiwa bado haijafikiria kuyeyuka. Inapanda na moshi inagandia kwenye vumbi hilo, pamoja na risasi na kadmiamu. Ukilirudisha tanuruni zinki inapanda tena, inagandia tena, kila mzunguko inazidi. Marekani wanaliorodhesha kama taka hatari. Liko na njia yake, kuna matanuru marefu yanayozunguka ya kuvukiza zinki na kuiuza, lakini hiyo si kazi ya yadi yenye mapipa mawili na presha moja. Usilipepete, usilibebe na gunia lililotoboka, na usikubali watoto wacheze karibu.

16. Taka za Macalder kule Migori, ule mlima wote si ni chuma?

Chuma iko, lakini imeshikana na kiberiti, yaani salfa. Ule ulikuwa mgodi wa shaba na dhahabu, ulifungwa 1966, na mabaki yake yana pairiti (ndio hiyo chuma yenye kiberiti), shaba, zinki na aseniki, halafu wachimbaji wadogo wameyarudia miaka mingi na kemikali za dhahabu. Kiberiti kwenye chuma inaifanya ipasuke ikifuliwa moto, na shaba haitoki kabisa, ikiingia imeingia. Hatununui, hata ukishusha bei.

17. Mchanga mweusi wa mtaroni baada ya mvua?

Huu tunaupenda kwa moyo tu. Vijana wanatoa sumaku kwa spika mbovu, wanaifunga na karatasi ya nailoni, wanaburuta mtaroni, sumaku inatoka na ndevu nyeusi, wanavua nailoni na mchanga unaanguka wote kwa kopo. Ni magnetaiti, na magnetaiti safi ni asilimia 72 chuma. Tatizo huwa ni titani iliyojificha ndani, inafanya slagi kuwa nzito kama uji wa wimbi uliopoa. Halafu siku nzima kijana anapata debe. Ni somo zuri la shule, si biashara.

## Vibali na pesa

18. Nahitaji leseni?

Ndio, na inategemea unga ulitoka wapi. Ukichukua kutoka ardhini ama kwa lundo la mgodi wa zamani, hayo ni madini na Sheria ya Madini ya 2016 inakuhusu, kuna kibali cha wachimbaji wadogo. Ukinunua mabaki ya chuma, kuna sheria ya skrepu ya 2015. Kubeba na kuchakata taka za kiwanda ni NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwaka wa 2022 biashara yote ya skrepu ilisimamishwa miezi kadhaa juu ya watu waliokuwa wanakata nyaya na nguzo za stima, na wale hawakuwa na karatasi za kuonyesha mali ilitoka wapi waliumia. Weka risiti.

19. Iko na faida?

Kwa mtu aliye karibu na unga NA karibu na tanuru, ndio. Ukiwa mbali na moja, lori linakula faida. Ukiwa mbali na zote mbili, tafuta kazi ingine. Angalia pia namba 13.

20. Nimeona video ya sponji aironi, naweza kutengeneza nyuma ya nyumba?

Hiyo ni chuma iliyonyang'anywa oksijeni bila kuyeyushwa. Kuitengeneza si ngumu sana, pelleti na makaa kwenye pipa linalozunguka kwa joto la digrii 1,000 na kitu. Kuihifadhi ndio balaa. Imejaa vitundu, ikipata unyevu inaanza kurudi kutu na kujipasha joto yenyewe, inatoa haidrojeni, na meli zimewahi kuungua baharini kwa ajili yake. Ndio maana wakubwa wanaikandamiza ikiwa bado ya moto, zaidi ya digrii 650, mpaka vitundu vifungike. Wewe nyuma ya nyumba na paa la makuti, hapana.

21. Naweza kuwaletea sampo?

Lete, kama kilo tano. Usichote juu juu mahali pamoja, chota pande zote za lundo mpaka ndani, mwaga kwa turubai, fanya kilima, gawa robo nne kama chapati, tupa mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, rudia mpaka ibaki hizo kilo tano. Andika ilitoka wapi na kama lundo lilikuwa limenyeshewa. Na tafadhali gunia liwe safi, mwezi uliopita kuna mzee alituletea skeli nzuri sana kwa gunia la chumvi ya ng'ombe na mpaka leo hatujui ile sodiamu ilikuwa ya nani.